Mihogo Iliyopandwa Njiani

Mimi mdomo wangu hauna breki, wanaonijua wanajua, na siku zile za upimaji wa viwanja haukupumzika hata kidogo.

Tunakaa Lusahunga, nyuma ya barabara kuu ya Rusumo. Mji ulikuwa unatufuata, mashamba yetu yakawa yanakatwa viwanja vya kujenga nyumba. Katikati ya mashamba hayo ilikuwepo njia ya miguu na baiskeli. Wauza ndizi waliipita na mikungu yao, waenda kanisani waliipita, na binti yetu wa darasa la kwanza aliifuata mpaka shule bila kukanyaga lami.

Sasa sikia watu walichofanya. Waliposikia wapima wanakuja, kila mmoja akalima kipande cha njia kilichopita kwake, akachomeka pingili za mihogo ili kipimwe kuwa chake. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Njia ikafa kimyakimya, na mume wangu alikuwa mmoja wa walioiua. Wapima walipofika walikuta mihogo tu, wakachora viwanja vimebanana mgongo kwa mgongo. Pa kutokea pakabaki barabara kuu, kwenye malori.

"Watoto wapite wapi?" nilimuuliza mkubwa wao.

"Mama, mimi nachora ninachokiona. Kama kulikuwa na njia, wenyewe waing'oe hiyo mihogo wanionyeshe. Kesho asubuhi tunaondoka."

Jioni hiyo nikazunguka nyumba kwa nyumba. Kwingine nilibembeleza, kwingine nilifoka. Kwa mzee mmoja nilipiga goti na shikamoo yangu, akaitikia marahaba vizuri kabisa, kisha akaniuliza kile ambacho wote waliniuliza: "Na kwenu mmeshang'oa?"

Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira. Kipande chetu ndicho kilikuwa katikati, na bila sisi hakuna ambaye angeanza.

"Baba watoto, ng'oa ile mihogo."

"Sing'oi. Baba yangu alivuka kutoka Burundi na sufuria moja na mimi mgongoni. Shamba aliloliacha kule hatukuliona tena. Sasa mimi nigawe ardhi kwa mkono wangu?"

"Hugawi. Unampitisha mwanao."

"Atapita barabarani. Wangapi wanapita huko kila siku?"

Nilimjibu maneno ambayo siyaandiki hapa. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilimwelewa. Baba yake, mkwe wangu marehemu, nilimuuguza mimi, na mpaka mwisho alikuwa akilitaja shamba lake.

Asubuhi mume wangu akatoa baiskeli. "Leo nampeleka mwenyewe barabarani," akasema. "Utaona kama atakufa." Akampandisha mtoto kwenye keria, wakaondoka.

Nikabaki uani na ufagio. Nilikuwa nasikia malori yakibadilisha gia, na mojawapo likapiga honi ndefu isiyotaka kuisha. Nikafagia pale pale nilipokwisha kufagia. Upande wa pili wapima walikuwa wameanza kupakia vifaa vyao kwenye gari.

Mume wangu akarudi anaikokota baiskeli. Suruali ilikuwa na tope mpaka magotini, tope la mtaroni. Aliegemeza baiskeli ukutani, akaingia kwenye mihogo, akaanza kung'oa kwa mikono miwili na kutupa pembeni. Jirani yetu wa juu alitoka akasimama mpakani kwake, akatazama kwa muda, kisha naye akainama kwenye mihogo yake. Mkubwa wa wapima akaacha kupakia, akaja na kamba yake ya kupimia.

"Niweke upana gani?"

"Baiskeli, na mtoto anayetembea pembeni yake," mume wangu akasema bila kuinua kichwa. "Halafu uongeze."

Nilimfuata mle ndani. Ulimi, siku hiyo, ulikuwa mzito.

"Mtoto yuko wapi?"

"Yuko darasani. Mzima." Akang'oa shina jingine, akalishika tu mkononi bila kulitupa. "Ila kiatu chake kimoja kimebaki kwenye lami. Lilikuwa linakuja lori jingine, nikaogopa kurudi kukiokota."