Kopo la Bi Kazija

Wawi nzima, huku Pemba, ilijua kwamba kwa Bi Kazija hakukosekani dawa. Si mganga, wala si muuguzi. Ni mjane mfuga kuku, mwenye mabanda mawili nyuma ya nyumba, na juu ya kabati lake kopo la maziwa ya unga limejaa vidonge vya rangi mbili. Mtoto akiharisha, mzee akikohoa, jipu likimwota mtu kwapani, watu walibisha hodi kwake kama waombao chumvi, naye akampa kila mmoja viwili, vitatu. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Na vilitoka wapi vidonge vyote hivyo? Vilitoka kwenye imani yake. Bi Kazija aliamini kwamba mtu akishapata nafuu kisha akaendelea kumeza dawa, anafanya israfu, na israfu ni dhambi. Daktari aandike siku saba, nyumbani kwake homa ikishuka siku ya pili dawa husimama, na zilizobaki huingia koponi. Ruweida, binti yake wa pekee, alilelewa hivyo, hata akaolewa hajapata kumaliza dozi moja maishani. Kuku nao walikuwa na fungu lao. Wakisinzia kidogo tu, alifungua kidonge akamwaga unga wake kwenye maji yao. Hata mdondo, ambao kinga yake ni chanjo, yeye aliutibu kwa rangi mbili, na mayai yakauzwa asubuhi ile ile.

Mwaka jana sheha aliwakusanya watu skuli. Walikuja Jecha, bwana mifugo, na Daktari Asma wa hospitali, wamekaa meza moja. Walisema nchi nzima sasa watu wa afya na wa mifugo wanaifanya kazi hii pamoja, kwa sababu vijidudu vikizoea dawa havifi tena, viwe vya kuku au vya binaadamu. Bi Kazija alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mwanangu Jecha, kuku zangu hawajui hata mafua. Njoo nikutilie mayai ukale."

Sikio la kufa halisikii dawa. Inauma kulisema, maana mwanamke huyu hakumtakia mtu mabaya hata siku moja.

Mwezi huu wa Rajabu Ruweida alijifungua hospitali kwa kupasuliwa. Siku ya nne mshono ukavimba, ukatoa usaha. Wakampiga sindano, homa haikushuka. Wakabadilisha dawa, homa ikapanda. Daktari Asma akachukua usaha kidogo, akaupeleka maabara, na majibu yalipotoka akamwita mama mtu pembeni ya wodi, karatasi mkononi.

"Bi Kazija, tumevijaribu vijidudu hivi kwa dawa tisa. Nane vimezikataa."

Akazitaja moja moja. Bi Kazija hajui Kizungu, lakini majina yale aliyajua kama ya majirani zake. Akafungua pindo la kanga, akamwonesha vidonge vinne.

"Nilikuwa nkimpa kwa siri tokea homa ilipoanza. Mie ndo n'liyemfanya hivi?"

"Sijui, Bi. Pengine kavipata hapa hapa wodini, pengine nyumbani. Kila nyumba ina kopo lake." Daktari akavichukua vile vidonge. "Hii dawa ya tisa hatunayo. Tumeiomba Unguja."

"Itafika lini?"

"Kesho, inshallah. Au keshokutwa."

"Na mwanangu ataweza kungoja?"

Daktari Asma aliikunja ile karatasi, akaikunja tena.

Bi Kazija akarudi kitandani. Ruweida alikuwa anawaka moto, midomo imekauka, na kichanga chake kinalia mapajani mwa jirani yao, Bi Mwanapili. Mama akachovya kitambaa, akampangusa uso, huku akiomba dua moja ile ile bila kuimaliza. Ruweida akafumbua macho, akamshika mkono.

"Mama, hawa sindano zao hazinisaidii. N'pe vile vyako."

Bi Kazija alitaka kumwambia kweli. Akachovya tena kitambaa.

"Vimekwisha, mwanangu."

Ruweida akatabasamu, kama mtu aliyeambiwa jambo dogo.

"Basi nenda nyumbani kavilete, mama. N'takungoja."