Kumrekodi Mama

Redio kaseti yangu niliinunua Tukuyu mjini, miaka ile maduka yalipoanza kujaa vitu tena baada ya kupangia foleni hata sabuni. Ilikuwa kubwa, ina tundu la kuchomekea maiki, sindano ya kuonyesha nguvu ya sauti, na kitufe cha kuzungusha ili kuipandisha au kuishusha. Basi nikajiona fundi mitambo. Nilikuwa nimepata kazi Tanga, na kabla ya kuondoka nilitaka kitu kimoja tu: mama aniimbie kwenye kanda ule wimbo wa Kinyakyusa aliotubembelezea sote. Sikujua ningekaaje Tanga bila sauti ile.

Nikafunga maiki kwenye mpini wa jembe, nikausimamisha mbele yake chumbani. Mama akaimba. Sindano haikutikisika. Niliposikiliza, nikasikia mvua kwenye mabati, nikasikia kuku, na mbali huko mama, kama anaimba ndani ya blanketi.

"Paza sauti kidogo, mama."

"Ndiyo yenyewe hii, mwanangu."

Siku tatu nilihangaika, nikifuta na kurekodi upya juu ya kanda ile ile. Nilisogeza maiki mpaka ikakaribia kumgusa mdomo, ikawa inanasa pumzi tu. Nikaivisha soksi. Nikatundika mablanketi ukutani. Mwisho nikazungusha kitufe mpaka kikagoma, na mvua nayo ikapanda. Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai. Nilimsema mwenye duka maneno yote mabaya niliyoyajua, na yeye hata hakuwepo.

Siku ya mwisho nilikwenda kumuaga babu, mzaa baba, ambaye nyumba yake ilikuwa ng'ambo tu ya migomba yetu. Nikamlalamikia kwamba nimeuziwa maiki mbovu, haimsikii mama.

"Maiki yako ni nzima," akasema babu. "Mimi ndiye niliye karibu."

Hapo nikajiona mjinga wa kutupwa. Kwetu mwanamke hamtazami baba mkwe wake. Mama akikutana na babu njiani aliingia kwenye migomba, akampa mgongo mpaka apite, na hayo niliyaona tangu utoto. Kumbe hata sauti alikuwa akiipima isivuke migomba, miaka yote hiyo, nami nikadhani ndivyo alivyoumbwa.

Babu akavaa koti la mvua, akachukua fimbo. "Nakwenda Kinyala kwa dada yangu, nitalala huko. Kaseme nyumbani kwenu kwamba nimeondoka." Mvua ilikuwa inanyesha na magoti yalikuwa yanamsumbua. Ilifaa nimzuie. Nilinyamaza, kwa sababu niliitaka kanda.

Nilimwambia mama. Alisimama mlangoni mpaka kikohozi cha babu kikapotea barabarani, kisha akaja akakaa, akaimba. Sikuwahi kumsikia hivyo. Sauti ilijaza chumba, sindano ikalala upande mwekundu, nami nikafurahi kama mtoto. Betri zilikuwa zinakaribia kwisha, kwa hiyo sikurudisha kanda kusikiliza. Na kile kitufe, fundi mitambo mimi, nilikiacha pale pale kilipogomea.

Tanga nikaweka betri mpya. Wimbo wote umepasuka, unakwaruza kama bati linaloburuzwa kwenye mawe, hushiki hata neno moja. Nililia, nikajiambia nitarudia nikipata likizo. Likizo yangu ya kwanza nilikwenda kumzika mama.

Kanda bado ninayo. Wimbo siusikilizi, naupeleka mbele mpaka mwisho wake. Hapo mama ameshamaliza kuimba, na kwa mazoea yake ameishusha tena sauti, ile ile ya chini aliyotubembelezea. Kitufe kile kile kilichoharibu wimbo kimeinasa safi kabisa, utadhani yuko chumbani. Anauliza, "Imeingia, mwanangu?" Halafu inafuata sauti yangu mwenyewe, kubwa, imepasuka, ikimjibu bila kuhakikisha chochote: imeingia, mama.