Mlango Mmoja wa Bwana Akida

Sijasamehe, na Padri akiniuliza tena siku ya kuungama nitamjibu hivyohivyo.

Boma la Morogoro lilitaka kijiji chetu huku milimani kiwe na nyumba ya baraza, ya kesi na mikutano. Akida wetu, mtu wa pwani aliyeletwa na Wadachi akaoa hapahapa, alitangaza kwamba wenyeji wenyewe watasema wanaitaka vipi. Tukafurahi kama wajinga. Tukapigilia vigingi uwanjani, tukazungusha kamba za migomba, tukaketi ndani ya nyumba isiyo na kuta, kila mtu akionyesha anachotaka.

Bibi yangu mzaa mama akasimama upande wa bondeni.

"Hapa mlango wa pili, Bwana Akida. Kwetu mwanamume hapiti mbele ya mama mkwe wake. Mama akikaa mlangoni, huyu atokee wapi?"

Akida akamtazama toka miguuni. "Bibi huyu ana mbuzi wangapi, hata nyumba ya Serikali iwe na mlango wa zizi?"

Wanaume wakacheka. Bibi akajifunga khanga upya, akaondoka. Mimi humcheka Bibi kila siku, meno yake, mwendo wake. Lakini ni wangu mimi kumcheka!

Nyumba ikajengwa alivyotaka Akida: mlango mmoja, na matundu ya hewa ambayo hata paka angekwama.

Siku ya kuifungua, Akida aliketi mwisho kabisa, ukutani. Sisi wa shule ya misheni tuliimba, tukatoka. Nikaenda moja kwa moja kwa mama mkwe wa Akida, aliyekuwa nje na ungo wa maharage.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Mbona unaungua jua? Pale kizingitini pana kivuli."

Akanikazia macho. "Mkwe wangu yumo ndani?"

"Yumo."

"Na mlango ni uleule mmoja?"

"Uleule."

"Basi nishike mkono."

Akaketi, akaupa ukumbi mgongo, akanyoosha miguu kutoka mwimo hadi mwimo, akaanza kuchambua maharage punje moja moja. Baraza lilipokwisha, kila aliyetoka, mama alimkunjia miguu apite. Akabaki Akida peke yake. Nje walisimama wajomba wa mkewe, ambao walishamwonya: siku utakayomvunjia dada yetu heshima, binti tunamchukua.

Akatuma mtu: mama apishe kidogo.

"Mwambieni magoti yananiuma," akajibu mama.

Nikapanda kwenye tundu. "Bwana Akida, umelala?"

Alinitukana kwa sauti ya mtu aliyebanwa na mkojo. Jua lilipogeuka alishindwa. "Mwiteni yule bibi. Aonyeshe mlango wa pili ukae wapi."

Bibi alikuja kwa mwendo wake ninaoucheka. "Sikusikia. Aseme tena."

Akasema tena.

Wanaume walewale waliocheka ndio walioshika majembe kuvunja ukuta wa bondeni. "Mwembamba huo," Bibi akawaambia. "Panueni, mja mzito apite." Wakapanua. "Bado." Ndani, Akida amekabili kona asimwone mkwewe, vumbi jekundu likimshukia kwenye kanzu.

Ningekuwa mimi Bibi, ningewaambia wauzibe, waanze upya.