Mafuta ya Mafundo Mawili

Gertruda aliniita mwizi getini, mbele ya watu kumi na mmoja, naye alijua fika kwamba sikuiba. Naanza na hilo ili mtu asidhani nasimulia habari za mafuta tu. Anayeandika ni Adila, mtoto wa dada yangu. Mimi shule sikuiona.

Miaka tisa nilifua mashuka katika hoteli moja ya ufukweni hapa Bagamoyo. Gertruda alikuwa msimamizi wetu. Dawa ya kung'arishia mashuka ilitupasua mikono hata kula wali kwa mchuzi ikawa adhabu. Tukaomba glavu. Akacheka.

"Batuli, mnafua au mnapasua wagonjwa?"

Nikarudi nyumbani na hasira zangu. Nikakuna nazi, nikakamua tui, nikaliacha likalala. Asubuhi nikaengua lile zito la juu, nikalipika kwa moto mdogo mpaka mafuta yakajitenga. Nikajipaka. Siku ya nne nyufa za mikono zikaanza kufunga. Wenzangu wakataka. Adila akapiga picha chupa, akaziweka kwenye WhatsApp yangu. Wakaagiza watu wa Zinga, kisha wa Dar. Kwa kuwa sisomi, mteja hunitumia sauti, nami humjibu kwa sauti. Lebo pia siwezi kuiandika, basi kila chupa naifunga kipande cha kanga shingoni: fundo moja ni mafuta matupu, mafundo mawili yametiwa karafuu. Haukupita mwaka, mafuta yakanilipa kuliko mashuka.

Gertruda naye akawa mteja wangu, kwa siri.

Ijumaa moja Mzee Sadallah, mwenye hoteli, alikuja kuulizia mafuta ya kukandia wageni. Yalikuwa yakipungua stoo, na ufunguo wa stoo alikuwa nao Gertruda. Jioni tunatoka kazini, mzee bado yupo, Maulidi wa getini akapekua mkoba wangu kama kawaida. Akakuta chupa sita za wateja.

"Huyo hapo!" Gertruda akapaza sauti. "Mwizi wa mafuta yako, mzee, ndiye huyu!"

Nikasema ni yangu, nayapika mwenyewe. Gertruda hakunisikiliza. Akaingia ofisini, akarudi na karatasi iliyoandikwa na kidau cha wino, akanishika mkono mwenyewe akanipaka.

"Weka dole gumba, yaishe. Ni ya kukabidhi chupa tu."

Dole langu lilikuwa jeusi tayari. Nikamgeukia Maulidi.

"Kaka, nisomee."

"Maulidi, kazi yako geti!" Gertruda akamkemea.

Maulidi akaisogelea karatasi. "Dada Batuli, hapa wameandika umekiri kuiba mafuta ya hoteli tangu Ramadhani."

Bagamoyo si kubwa. Ningegusa karatasi ile, nani tena angemtumia mwizi pesa kabla ya kuona chupa? Nikafuta wino kwenye kanga yangu, nikatoa simu. Natafuta picha ya Gertruda, siioni, nikaiona. Nikabonyeza ujumbe wake wa sauti.

Sauti yake ikatoka, tamu kama asali: "Batuli shoga yangu, nifungie mbili za mafundo mawili. Visigino vyangu vimepona, kweli tena! Ila wenzio usiwaambie, wataanza tena habari za glavu."

"Kumbe msimamizi naye ana visigino!" akasema Shufaa, niliyekuwa nikifua naye beseni moja. Watu wakacheka. Mzee Sadallah hakucheka. Aliuangalia ufunguo kiunoni mwa Gertruda, akaikunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Basi, yaishe. Nendeni makwenu."

"Yaishe vipi, mzee? Nimeitwa mwizi kwa sauti kubwa."

"Batuli, usiwe na makuu."

Sikurudi tena. Sasa napika mafuta na Shufaa, na wateja wamefika hadi Tanga. Mwezi uliopita Gertruda alinitumia sauti: "Samahani, shoga yangu, yaliyopita si ndwele. Niuzie basi hata moja." Sikumjibu. Samahani ya simuni naisikia peke yangu. Neno mwizi lilisikiwa na watu kumi na mmoja.

Namdai Gertruda maneno matatu, Batuli si mwizi, ayaseme palepale getini saa ya kutoka kazini, wote wale wakiwapo. Na Mzee Sadallah namdai karatasi yangu. Maulidi anasema bado imo katika droo ya ofisi, haijachanwa.