Betri Mpya Shimoni

Trekta letu ni la zamani kuliko ndoa yetu, na ndoa yetu si changa. Mume wangu alilirithi kwa baba yake. Injini nzima, mwili mzima, ugonjwa wake ulikuwa umeme. Dinamo, kile kifaa cha kurudisha nguvu kwenye betri injini inapozunguka, ilikuwa imechoka, na betri ilikufa kila siku. Kwa hiyo kila asubuhi mume wangu aliliachia trekta literemke nyuma ya nyumba mpaka injini ishtuke, kisha akakata kona kabla ya kufika chini.

Nilikuwa nauchukia mteremko ule. Chini yake kuna shimo pana kati ya mawe ya volkano, lenye udongo mweusi na majani mazuri, na humo ndimo mazuku hulala. Sisi wa njia ya Sake tunayajua. Ni hewa mbaya inayotoka ardhini, haina rangi, nayo ni nzito, hukaa chini upepo ukitulia. Mbuzi huingia kula majani, hatoki. Ukisimama unaweza kupona, ukiinama umekwisha. Ndiyo maana hatushuki bila taa ya mafuta. Unaiweka chini kabisa, miguuni pako. Ikiwaka, fanya kazi. Ikizimika yenyewe, kimbia juu.

Nilimpigia mume wangu kelele mpaka nikachoka mwenyewe: nunua betri ya maana, weka alteneta badala ya hiyo dinamo, uwashe trekta mahali tambarare kama watu wengine. Mwishowe akaenda mjini, sokoni Birere, akarudi na betri mpya na alteneta iliyotolewa kwenye gari bovu, akapatana na fundi wa umeme wa Murara, huko huko mjini. Usiku ule nililala kama mtoto.

Asubuhi, kabla fundi hajafika, mume wangu akataka kulileta trekta mbele ya nyumba. Akaliachia literemke kwa mara ya mwisho. Injini haikushtuka, naye kwa kuingoja akachelewa kukata kona. Likaenda moja kwa moja shimoni, likatulia humo. Hata majirani waliokuja kusukuma walishindwa.

“Si neno,” alisema, “tutafungia huku huku.”

Moyo ulinipasuka, lakini upepo ulikuwa unavuma na taa niliyoiweka karibu na gurudumu iliwaka vizuri. Fundi alipofika wakaanza kazi, nami nikapanda kupika. Nilikuwa nasonga fufu nilipoona majani ya migomba hayatikisiki. Nikatupa mwiko, nikatoka. Pale ukingoni nikamkuta fundi anapanda, amekuja kuchukua waya kwenye pikipiki yake.

“Taa iko wapi?” nikamuuliza.

“Nilizima, mama. Batri tumeijaza asidi, inatoa gazi. Moto ikiwa karibu, inaweza pasuka.”

Alisema kweli, na ukweli wake nusura utuue. Mtu wa mjini, aliijua hewa inayolipuka, hii yetu inayozima moto hakuijua.

“Na papa?” nikamuulizia mume wangu.

“Iko chini ya trekta, anakaza buloni za alteneta.”

Niliita. Niliita tena. Niliona viatu vyake tu, vimelala upande. Niliogopa kiasi kwamba mkojo ulinitoka, na sioni haya kusema. Kwetu kila mtu anajua: aliyeanguka kwenye mazuku hafuatwi, maana anayemfuata humlalia juu. Fundi alinishika mkono.

“Usishuke, mama! Na weye utabakia!”

Nilijinasua. Nikajifunga kiunoni kamba ya kufungia mizigo iliyokuwa kwenye pikipiki yake, nikampa ncha, nikamwambia, nikianguka vuta, usije. Nikajaza kifua hewa, nikafunga mdomo, nikashuka nikiwa nimenyoosha shingo. Kwenye trekta ilibidi niinamishe kichwa. Nilifumba macho kana kwamba kufumba kutasaidia, nikamshika vifundo vya miguu, nikavuta. Alikuwa mzito kama gunia lililolowa. Fundi alivuta kamba, mimi nikamvuta mume wangu, na kifua kilikuwa kinawaka mpaka tulipoanguka juu, kwenye mawe. Alikuwa wa buluu mdomoni. Nilimpiga mgongoni, nikamtukana, nikamwomba Mungu, vyote pamoja. Akakohoa. Akatapika. Akaniuliza kwa nini nalia.

Upepo uliporudi kesho yake, fundi alimalizia kazi, na taa ikiwaka chini, mbali na betri. Mume wangu alikaa juu ya kiti cha trekta, kichwa bado kinamuuma, akageuza ufunguo. Likaguruma mara moja, bila kusukumwa. Likapanda mteremko lenyewe, majirani wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Alishuka akicheka, akanishika bega, akageuka kuliangalia lile shimo na udongo wake mweusi.

“Mama,” akaniambia, “na batri hii tunaweza lima mpaka kule chini.”