Mbegu za Chini ya Gogo

Juzi mjukuu wangu alinifunulia kitabu chake cha shule, nikaona picha ya mtoto wa mbung'o kabla hajaota mabawa: mweusi, anang'aa, kama punje.

Nilipokuwa mtoto, punje kama hizo nilizifukua chini ya gogo, baba alipokuwa akirina asali katika pori la Kigwa. Niliziita mbegu. Tukirudi mjini tulisimamishwa penye kizuizi cha mbung'o. Mlinzi aliizunguka baiskeli yetu na wavu wake mdogo, akampangusa baba mgongo mzima, uliokuwa ukinuka moshi na nta.

“Hata mbung'o mmoja asituletee ugonjwa wa malale mjini,” alisema.

“Shikamoo,” nikamwamkia.

“Marahaba. Umeshika nini, binti?”

“Mbegu, za kupanda nyumbani.”

Akacheka. “Zikiota uniletee.”

Nilizifukia kando ya zizi la ng'ombe wetu mmoja, nikawa nazichungulia kila asubuhi. Mwezi ulipopita nikafukua, nikakuta maganda matupu, yametoboka kichwani. Nililia sana, nikasema mchwa wamezila. Baba akanibembeleza, huku akijipiga kofi shingoni, akaahidi kuniletea nyingine.