Mpangaji wa Tumboni

Nina hasira na marehemu, na asije mtu kuniambia kwamba marehemu hasemwi. Mimi ni mtani wake. Mimi Mngoni, yeye Mpogoro wa Mahenge. Kwa utani huo nilikuwa na haki ya kumsema akiwa hai, na ninayo haki ya kumsema akiwa chini ya udongo. Yeye aliniita mla panya. Mimi nilimwita mateka wangu, kwa kuwa babu zangu waliwahi kuwateka babu zake, au ndivyo tulivyopenda kudai.

Alikuwa seremala pale Lipangalala, Ifakara, karakana yake imepakana na kibanda changu cha cherehani. Siku moja mtawa mgeni alimletea ukulele, kigitaa cha nyuzi nne kisichozidi urefu wa mkono, kimepasuka. Akakitengeneza, lakini kabla ya kukirudisha alikwisha kuchukua vipimo vyake vyote. Haikupita muda akawa na vya kwake vitano, vya mabaki ya mbao za mtiki, nyuzi zake mshipi wa kuvulia samaki. Kimoja alinitupia juu ya sare za shule nilizokuwa nashona.

"Shika, mla panya," alisema. "Hiki hakiliwi."

Tukawa kikundi: mimi mwanamke pekee, yeye, Msukuma mmoja mrefu wa bodaboda ambaye kigitaa mkononi mwake kilionekana kama mwiko, na ndugu wawili wauza samaki. Tulivaa suti za mitumba, tukakaa kwenye viti vya watoto wa chekechea, magoti karibu yaguse masikio, na hakuna aliyeruhusiwa kutabasamu. Singeli tuliipiga polepole kama wimbo wa komunyo. Taarabu tuliikimbiza kama singeli. Tulipiga rege, bolingo, sangula, ngoma ya kwao marehemu, na walipokuwepo Wasukuma tuliwapigia bugobogobo, ngoma ya majembe, kwa vidude vile visivyoweza kufukuza hata kuku. Watu walicheka mpaka wakamwaga soda. Kuanzia Ifakara hadi Mlimba tuliitwa kwenye harusi, na mara moja tulifika hadi Masagati, vigitaa vimefungwa kwenye mifuko ya mbolea visilowe.

Ni katika safari hiyo ya Masagati nilipomwona ameshika tumbo, amejikunja kwenye ukingo wa barabara wakati gari limekwama. Nilimwuliza. Akasema ni magimbi ya wenyeji wetu.

Harusi iliyofuata alikuja na wimbo mpya. Tumboni mwake, aliimba, kuna mpangaji. Kodi halipi, mlango hafungui, na usiku kucha anapigilia misumari. Ukumbi mzima ulilia kwa kicheko. Kuanzia siku hiyo hatukuruhusiwa kushuka jukwaani bila kuupiga. "Mpangaji! Mpangaji!" walipiga kelele, na yeye kila mara aliongeza ubeti. Mpangaji amekula ubwabwa wote, mwenye nyumba kabakiziwa uji. Mpangaji anapanua chumba. Mpangaji ameleta na ndugu zake. Tuliupiga kwa mtindo wa kwaya, kwa taarabu, kwa singeli. Kiitikio nilikitunga mimi.

Mimi ndiye niliyekuwa napunguza suti yake. Mara ya kwanza nilipunguza tu. Mara ya pili niliweka mkasi chini, nikamtazama usoni.

"Mateka wangu, huo wimbo ni wa kweli?"

Alinicheka. "Wewe mla panya, ukianza kuamini nyimbo, utaamini na za taarabu. Punguza na kiunoni hapo."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Wahenga hawakukutana na mtu anayeyapandisha jukwaani, akayapigia gitaa, akayaimba mbele ya maharusi na wazazi wao, kisha akiulizwa na mtu mmoja anayempenda anasema ni utani. Alipokubali kupelekwa hospitali alikuwa anabebwa. Daktari alimwuliza mkewe kwa nini walikaa muda wote huo. Mkewe alimwambia kwamba na yeye nyumbani alikuwa akiimbiwa tu.

Alipofariki, mwanawe wa kwanza alikuja kutoka Dodoma na kamati yake. Sina neno na fulana walizochapisha wala na maturubai. Nina neno na picha. Ilikuwa picha yetu ya kikundi, naijua, nilikuwa nimekaa pembeni yake. Walitukata sisi wote. Na kwa kuwa aliyekuwa ameshika kigitaa ndiye wanayemtaka, walikifuta kigitaa pia, wakamwekea tai. Kwenye bango zima, juu ya jeneza, kwenye vifua vya wajukuu, mkono wa kushoto wa marehemu umeinuliwa, vidole vimekunjwa, havijashika kitu. Alionekana kama mtu aliyeibiwa akiwa amelala.

Mwanawe alinifuata jikoni nilikokuwa nachambua mchele na wanawake wenzangu.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba."

"Mama mdogo, kamati imekaa. Tunaomba leo yale mambo yenu ya vichekesho yasiwepo. Kuna wakubwa wangu wa kazini wamekuja. Nataka mzee azikwe kwa heshima."

"Kwa heshima," nikasema.

"Ndiyo, mama mdogo. Watu wasije wakamkumbuka kama kichekesho."

Niliubwaga ungo chini mpaka mchele ukamwagika. Huyu mtoto alisomeshwa na vitanda na madirisha ya baba yake, sikatai, lakini karo ya mwisho ilitoka kwenye viti vile vya chekechea. Na sisi watano tulikwisha kuahidiana, pale karakanani, kwamba atakayetangulia, waliobaki watauvuruga msiba wake. Nilimjibu mwanangu yule kwamba nimesikia. Kusikia nilisikia.

Utani hauombewi kibali kwa kamati. Misa ilipokwisha na jeneza likatolewa uani kuelekea makaburini, tulikuwa tumeshakaa njiani, wanne, kwenye viti vya chekechea, ndani ya suti zetu, kiti cha tano kitupu. Waliobeba jeneza walisimama. Padri alifunga kitabu chake, akangoja, maana anajua watani wakizuia maiti hakuna wa kuwafukuza mpaka wapewe wanachotaka. Wakubwa wa kazini walinong'onezana. Watu wa Lipangalala walianza kusogea mbele, nyuso zimechangamka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Mwana alitoa pochi. "Mnataka shilingi ngapi?"

"Rudisha pesa zako," alisema Msukuma wetu. "Tunataka kigitaa chake. Kile mlichokifuta."

"Kimefungiwa stoo."

"Basi tutakaa. Hatuna haraka, na mzee naye hana."

Watu wakacheka. Ndipo nikasimama. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuchekesha, mla panya na mateka, yale yale. Nilipofika kwenye jeneza na kuiona ile picha, yale maneno sikuyaona tena.

"Mateka wangu," nilisema, "nani kakupa ruhusa ya kutoroka? Mwongo wewe. Mwoga. Mlimba nzima uliwaambia una mpangaji, mimi niliyekupunguzia suruali ukaniambia nisiamini nyimbo! Umenitungisha kiitikio cha kifo chako, mshenzi mkubwa!"

Walicheka. Walicheka mpaka wakashikana mabega, wajukuu wenye fulana nao wakicheka, na huko nyuma mtu mmoja akapaza sauti, "Mpangaji! Mpangaji!" Nilikuwa nalia kwa hasira na hilo pia waliliona zuri. Kwa miaka yote tulikuwa tumewafundisha kutucheka, na walikuwa wamefuzu.

Nikataka kukaa. Mkono ukanishika kiwiko. Alikuwa mjane, kigitaa cha mumewe kimefunikwa kwa kitenge. Funguo za stoo alikuwa nazo yeye, na kamati haikufikiria kumwuliza. Alikiweka juu ya jeneza, mbele ya ile picha. Hakucheka, wala hakulia. Tangu msiba ulipoanza alikuwa amekaa mkekani, amenyamaza, kama mjane anavyotakiwa kukaa. Mke hana ruhusa ya kumsema maiti. Mtani anayo.

Alinisogelea sikioni.

"Usikae," alisema. "Mtukane na kwa niaba yangu."

Nikageuka tena kwenye jeneza. Nyuma yangu vigitaa vitatu vilianza ule wimbo, polepole, kama wa komunyo, nami nikamtukana kwa ajili ya uji aliopikiwa akasingizia mpangaji, kwa usiku wote aliomwambia mkewe alale, kwa mwanawe aliyemwacha aujue ugonjwa wa baba yake kwa simu ya daktari. Watu walizidi kucheka. Mjane alisimama pembeni yangu, akiitikia kwa kichwa kila tusi, mpaka padri akafungua kitabu chake na jeneza likapita.

Mimi nilikuwa bado sijamaliza, na mpaka leo sijamaliza.